Jina la Mama Yako Kwenye Orodha

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja binafsi nje kidogo ya Mbalizi. Nimekaa ofisini, kalamu mkononi, na mbele yangu kuna karatasi yenye majina kumi na manne ya wanafunzi wa kidato cha tano. Jina la tisa lilikuwa la mama yako.

Umeniandikia kwenye simu kwamba umechanganyikiwa. Umefaulu kidato cha nne, unataka udaktari, unataka chuo kikuu chenye jina huko Dar es Salaam au ufadhili wa kwenda kusoma nje, na shule mbili binafsi zimekukubali, moja Iringa na nyingine Mbeya. Kila unayemuuliza anakuambia lake. Mama yako yeye kakujibu, "Muulize mjomba wako, alikuwa mwalimu." Niliposoma hapo niliiweka simu chini kwanza. Mama yako anajua kwa nini. Wewe hujui, ndiyo maana nakuandikia kirefu.

Lusungu, mama yako, ni mdogo wangu wa mwisho. Tulikulia Ruaha Mbuyuni, baba yetu akilima vitunguu, na katika watoto wote yeye ndiye aliyekuwa akisoma huku anapepeta mchele. Alipofaulu kidato cha nne, baba naye alijikuta na shule mbili, kama wewe leo. Ya kwanza ilikuwa ndogo, kwenye barabara ya kwenda Tosamaganga, mkuu wake sista mmoja wa makamo. Baba alikwenda kuiona kwa macho yake. Sista alimwambia wazi kwamba mwalimu wa fizikia wanaye mmoja tu, tena huja siku tatu kwa wiki. Ya pili ilikuwa hiyo yetu ya Mbalizi. Sisi tulikuwa na bango kubwa kando ya barabara kuu, limejaa picha za vijana wetu waliokwenda vyuo vikuu, na chini yake tumeandika kwamba kwetu hakuna anayefeli.

Na kweli hakuna aliyefeli. Sababu niliijua. Kila mwaka kidato cha tano kilipokuwa kinamalizika, kabla ya usajili wa mtihani wa taifa, mkuu wa shule alituagiza tuwatenge wenye wastani mdogo. Hao walisajiliwa kituo kingine kama watahiniwa wa kujitegemea, ili matokeo yao yasihesabiwe kuwa yetu. Waliendelea kulala kwenye mabweni yetu, lakini walihamishiwa darasa la peke yao, na maabara waliingia pale tu wenzao walipokuwa hawaihitaji. Wazazi walipewa taarifa mambo yakiwa yameshakwisha.

Baba alipanda basi akaja mpaka kwangu. Akaniuliza ni ipi kati ya shule hizi mbili itakayomfikisha Lusungu kwenye udaktari. Mwanangu, nilichanganyikiwa kuliko wewe. Nilifikiria orodha ya wale tuliowatenga kila mwaka. Nikafikiria mwalimu wa siku tatu kwa wiki. Nikafikiria mkuu wangu wa shule, angesema nini akisikia nimempeleka ndugu yangu kwingine. Nikimtazama baba namwona anasubiri, nami sioni jibu lililo salama. Mwishoni nikajiambia kwamba Lusungu ana akili, orodha ile ni ya watoto wa watu wengine. Nikamwambia baba amlete kwetu. Habari ya orodha sikuigusa.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu kwake. Nadhani ni ugeni, nadhani ni fizikia, labda ni kuwa na kaka mwalimu ambaye kila mtu alitarajia afanane naye. Mpaka leo sina hakika. Mtihani wa mwisho wa kidato cha tano ulipotoka, wastani wake ulikuwa chini kidogo ya mstari tuliouchora sisi wenyewe. Mkuu wa shule alinipa kazi ya kunakili orodha kwa mwandiko mzuri. Nilipofika jina la tisa nilisimama, nikatoka nje, nikarudi. Kisha nikaliandika. Ningeweza kukataa, nalijua hilo. Wakati ule sikujua namna ya kukataa, na hakuna anayenielewa nikimweleza hivyo.

Mama yako hakulia. Alikuja ofisini na daftari lake akaniuliza kama niliona jina lake kabla ya yeye kuambiwa. Nikasema ndiyo. Akaondoka.

Baba alifika wiki hiyo hiyo. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi, akasugua udongo kwenye kiatu chake. Halafu akauliza, "Siku ile nilipokuja kukuuliza, ulikuwa unajua kuhusu hii orodha?"

"Nilijua, baba."

"Mbona hukusema?"

Nikamwambia nilichanganyikiwa, sikujua shule ipi ina nafuu.

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sikuja kwako uniamulie," akasema. "Nilikuja kuuliza unachokijua. Ungeniambia yote na ukasema umechanganyikiwa, tungechanganyikiwa pamoja. Lakini wewe ulinipa jibu."

Mama yako alifanya mtihani katika kituo kile cha mbali na kupata daraja la tatu. Udaktari ulimpita. Alisomea utabibu wa ngazi ya cheti, kisha diploma, na leo wafugaji na wakulima wa Usangu wanamleta mtoto mwenye homa na kuulizia kwanza kama yeye yuko zamu. Mimi niliacha kazi pale mwaka uliofuata. Je, angekwenda kwa yule sista angekuwa daktari? Sijui. Fizikia ya siku tatu kwa wiki pengine ingemwangusha vilevile. Nimelipindua jambo hili miaka mingi na halijanyooka. Nilimwomba msamaha mara moja, akaniambia, "Kaka, niache nifanye kazi." Sasa kakutuma kwangu, na sielewi kama huo ndio msamaha wenyewe au anataka aone safari hii nitasema nini.

Kwa hiyo sikuchagulii. Nakupa ninachokijua. Nenda kwenye shule zote mbili siku ya masomo, si siku ya wageni. Waulize ni wangapi walianza kidato cha tano kwenye tahasusi yako ya masomo ya sayansi, na ni wangapi kati yao walifanya mtihani wa kidato cha sita kwa jina la shule hiyo hiyo. Wakikuonyesha picha ukutani, uliza waliobaki wako wapi. Chungulia maabara uone kama vifaa vimetumika au vina vumbi. Kaa na mwanafunzi aliyeshika nafasi ya mwisho, akueleze anavyofundishwa, maana mwaka mmoja mbaya unaweza kukuweka hapo na wewe. Mwalimu atakayekuambia kasoro ya shule yake kabla hujamuuliza, mpe uzito. Jina la chuo kikuu liache kwanza. Ukisoma vizuri litakuja, na lisipokuja utakuwa bado unajua kitu. Ukishaona yote na bado umechanganyikiwa, nipigie. Usione aibu. Nitakuja kwenu, tukae wewe, mama yako na mimi, tuongee mpaka mwisho.

Mungu akupe walimu wanaokujua kwa jina lako, mwanangu. Akupe afya, akupe usingizi, akupe rafiki wa kusoma naye. Kokote utakakokwenda, jina lako liandikwe na mtu anayekutakia mema.