Dirisha Alilokatazwa Mama

Ofisini alikokuwa akikagua michoro ya nyumba walimwita Bwana Baridi, na jina likamganda. Mtu akileta mchoro wenye madirisha mapana, anakataliwa papo hapo, kidole kikigonga ramani ya hali ya hewa ukutani: "Sisi tuko ukanda wa baridi! Madirisha madogo, dari chini, joto lisitoke. Kanuni ni kanuni."

Nyumba ya mama yake aliichora vivyo hivyo. Mama aliomba dirisha upande wa kitanda, mwana akamjia juu kwamba ataugua kifua. Miaka ikapita, jua likawa kali la kutisha, mama akawa anamtania: "Mwanangu, hii baridi yako inanitoa jasho." Naye alikuwa akicheka, kisha anarudi kazini kukataa madirisha ya watu.

Kiangazi hiki mama alizimia kitandani, asiamke tena. Waombolezaji walikaa uani, maana chumba chake hakikukalika kwa joto.

Bwana Baridi aliporudi kazini baada ya maziko, alimkuta mhandisi akibandika ramani mpya.

"Mstari wa kugawa kanda umehamishwa," mhandisi alisema bila kugeuka. "Sasa tuko ukanda wa joto. Madirisha mapana, tena pande mbili."

Bwana Baridi aligeuka akatoka. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama, akashika nyundo, akaubomoa ukuta wa upande wa kitanda mpaka upepo ukaingia na kutikisa shuka.

Dada yake alisimama mlangoni, macho yamemvimba.

"Sasa kaka," akauliza, "unampepea nani?"