Otilia na Mapepo Yaliyochoka

Kwenye duka moja la steshenari karibu na stendi ya Mbinga alifanya kazi mwanamke aliyejulikana zaidi Dar es Salaam na Nairobi kuliko mtaani kwake. Aliitwa Otilia. Waliokuja kutoa fotokopi za vyeti vya ubatizo walimwona dada mpole, mwenye wino vidoleni, asiye na maneno mengi. Hawakujua kuwa maneno aliyaweka kwa ajili ya mtandaoni, ambako alichambua gemu za kompyuta kwa Kiswahili, tena kwa ulimi mkali.

Alizaliwa Ukata, kwenye nyumba ya kahawa na mahindi. Gemu alizifahamu kwenye banda la kaka yake, ambako kompyuta chakavu ziliendesha zile gemu za zamani za kupiga risasi: unapita kwenye vichochoro vya kuta za mawe, bunduki inaonekana sehemu ya chini ya kioo, na majitu yaliyochorwa kwa vimraba yanakurukia kutoka gizani. Kaka alipofunga banda na kuhamia Songea, Otilia alibaki na laptopu moja ya mtumba na mapenzi yasiyopoa. Alianza kuandika anachokiona, akiweka na vipande vya video. Watu wakampenda kwa sababu hakumbembeleza mtu.

Siku moja alipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Liuli, kule ziwani, aliyejitambulisha kwa jina la Hyasinti. Alikuwa ametengeneza gemu peke yake kwa miaka, mtindo ule ule wa kizamani, mchezaji akipita ngome iliyoachwa huku akifyeka mapepo. Aliipa jina Fyeka. Muziki wake ulikuwa mganda, ngoma ya kwao inayochezwa kwa hatua kama za gwaride, aliyoirekodi kwa wachezaji wa kwao kisha akaigeuza isikike kama mlio wa gemu za kale. Aliandika kwa adabu kwamba anampelekea Otilia kabla ya wengine, kwa kuwa anatoka upande huu na ataisikia ngoma ile jinsi inavyopaswa kusikika. Mwishoni aliongeza ombi dogo: asiicheze kwenye mashine dhaifu, maana nyuma ya sura ile ya kizamani kulikuwa na mambo mengi yanayoendeshwa kwa pamoja.

Otilia aliusoma ujumbe wote, na lile ombi aliliona. Lakini mashine nyingine hakuwa nayo, na alitaka uchambuzi wake utangulie wa wote.

Aliifungua gemu kwenye laptopu yake. Feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Mapepo yalitoka gizani yakinyanyua mguu mmoja, yakasimama, yakanyanyua wa pili. Ngoma ilisikika, ikakatika, ikarudi. Moyoni kitu kilimwambia kwamba huenda mashine imezidiwa. Otilia akakinyamazisha, kwa sababu wakati huo huo sentensi ilikuwa imeshamjia, na ilimchekesha mwenyewe. Akaiandika: “Haya mapepo yamechoka kuliko mimi niliyetoka kuchuma kahawa.” Chini yake akaongeza kuwa muziki unakata kama redio iliyoishiwa betri, na kwamba kupenda mambo ya kale siyo sababu ya kutengeneza gemu iliyozeeka kabla ya kuzaliwa.

Wachambuzi wengine walifuata. Mmoja wa Nairobi alisifu uzito wa bunduki na jinsi mapepo yanavyomzunguka mchezaji. Mwingine wa Dar es Salaam alilalamika kuwa ramani zinampoteza mtu na kwamba hakuna mahali pa kuhifadhi ulipofikia; Hyasinti alimshukuru hadharani, kisha akarekebisha. Yalikuwa maoni ya haki, yenye kusifu na kukosoa. Hata hivyo, kilichosambaa ni sentensi ya Otilia. Watu waliikata, wakaiwekea picha za wazee wanaosinzia, wakaituma kwenye makundi. Ukurasa wa gemu ukajaa watu ambao hawakuwahi kuifungua, kila mmoja akiandika kwamba mapepo yamechoka. Otilia alifurahi. Wafuasi wake waliongezeka mno, na kwa mara ya kwanza mteja mmoja pale dukani alimtambua na kuomba kupiga naye picha.

Furaha hiyo iliharibika siku Mwalimu Bernadi wa sekondari alipoleta kompyuta mpya ya shule ili wamwekee programu. Ilikuwa mashine ya nguvu. Otilia alipomaliza kazi alitaka kuijaribu, na gemu iliyokuwa karibu kwenye flashi yake ilikuwa Fyeka.

Pepo la kwanza lilimuua kabla hajainua bunduki.

Alianza upya. Mapepo yalikuwa yanaruka kutoka ukutani, yanakimbia kwa mpangilio, moja likimvuta mchezaji huku jingine likimjia kwa nyuma. Na ngoma ile haikuwa mapambo. Kila pepo lilikanyaga kwa mdundo wake, hivi kwamba aliyeujua mganda angeweza kusikia litakapotokea kabla ya kuliona. Otilia aliujua mganda tangu utotoni. Akafumba macho kidogo, akasikiliza, akageuka na kupiga risasi, na pepo likaanguka. Akaondoa mikono kwenye kibodi. Mwalimu Bernadi, aliyekuwa anangoja kompyuta yake, alimuuliza kama kuna tatizo. Akajibu kuwa mashine iko salama kabisa.

Kama angeandika jioni ile ile, labda hadithi hii isingekuwapo. Hakuandika. Alijiambia kuwa atangoja kidogo watu waisahau ile sentensi. Kisha akajiambia kuwa kila mchambuzi hukosea. Kisha akaacha kujiambia chochote, akawa tu anaipita ile habari kama mtu anayeipita nyumba ya waliofiwa ambao hakwenda kuwapa pole. Kwaresima ikaanza, naye akiwa bado kimya.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa kusifiwa. Alipokwenda Ukata kuwasalimia wazazi, alimkuta baba yake mdogo, Placidi, katekista wa kigango. Mzee alikuwa amesikia habari kwa vijana. Akamshika mkono mbele ya jumuiya, baada ya sala.

“Mwanangu, umetusaidia,” alisema. “Vijana wetu wangeingia kucheza na mapepo. Wewe uliyazuia kwa maneno tu.”

Otilia aliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Gemu yenyewe ilikuwa ya kufukuza mapepo, wala siyo kuyakaribisha, na mtu aliyeitengeneza alikuwa Mkristo kama wao. Hilo angeweza kulisema palepale. Badala yake alisema, “Asante, baba mdogo,” akaenda jikoni kumsaidia mama yake kupepeta mahindi.

Baada ya Pasaka aliomba ruhusa kazini, akashuka Mbamba Bay, na kutoka hapo akachukua pikipiki mpaka Liuli. Alikuwa amepanga maneno ya kusema. Alipoelekezwa nyumbani kwa kina Hyasinti alimkuta mama yake, Mama Dorothy, akigeuza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye kichanja. Akamwamkia shikamoo. Mama aliitikia, akampa kigoda, akamwambia Hyasinti yuko ufukweni na wenzake wanatengeneza injini ya boti, atarudi. Akiendelea na dagaa wake alisimulia bila kuulizwa, kama wanavyosimulia wazazi wenye jambo la kuwalemea. Mwanawe alikuwa na kazi yake ya kompyuta aliyokuwa akiipenda. Kuna mtu akaicheka mtandaoni. Siku hizi watoto wakimwona anapita wanatembea kwa kuburuza miguu na kuinamisha shingo, wanajifanya mapepo yaliyochoka. Yeye anacheka nao, lakini kompyuta ameifunika kwa kitambaa tangu kipindi hicho, na waliokuwa wameahidi kumsaidia kuipeleka mbele hawapigi tena simu.

“Wewe ndiye mwenzake wa hizo kazi?” Mama Dorothy aliuliza.

Otilia aliona mlango umefunguliwa. Angeweza kusema ndiyo, na lisingekuwa jambo la uongo moja kwa moja.

“Mama, mimi ndiye niliyemcheka.”

Mama Dorothy aliacha kugeuza usipa. Kisha akaendelea na kazi yake, safari hii akiwa amempa mgongo. Otilia alibaki kwenye kigoda, asijue kama ameambiwa aondoke au akae.

Hyasinti alipofika, mikono imejaa grisi, alimtambua mara moja kutokana na video. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alimkaribisha kama mgeni. Otilia alisahau yote aliyoyapanga, akaeleza vivi hivi: mashine yake ilikuwa mbovu, gemu haikuwa na kosa, ameiona kwenye mashine nzuri na haijawahi kutengenezwa kitu kama kile huku kwetu.

“Najua kuhusu mashine,” Hyasinti alisema. “Niliona kwenye video yako. Pembeni palikuwa na namba inayoonyesha kasi. Ilikuwa chini sana.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema, wangesema najitetea.” Akajifuta mikono. “Nilingoja useme wewe, dada. Wewe ulijua lini?”

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Hakuna aliyejua siku ile ya kompyuta ya shule isipokuwa yeye.

“Kabla ya Kwaresima,” alisema.

Hyasinti alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei ya kitu ambacho hatakinunua. “Kwa hiyo lile kosa la kwanza lilikuwa la mashine,” alisema. “Hili la pili ndilo lako.”

Hakumfokea, wala hakumwambia kuwa amemsamehe. Alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, na njiani walizungumza habari za barabara. Mama Dorothy aliwafuata akiwa na usipa uliofungwa kwenye mfuko, akamkabidhi Otilia. Mgeni haondoki mikono mitupu, alisema, lakini uso wake haukulegea. Otilia aliupokea kwa mikono miwili. Ulimwelemea njia nzima ya kupanda milima.

Aliandika wiki ile. Alieleza mashine, ombi alilolipuuza, na muda aliokaa kimya, wala hakujipunguzia kosa. Waliosoma walikuwa wachache mno kuliko waliosoma kichekesho. Baadhi walimtukana, baadhi wakasema amehongwa, wengi hawakujali. Yule mchambuzi wa Nairobi aliirudia gemu na kuandika kirefu kuhusu ngoma na nyayo, na kuanzia hapo Fyeka ikapata wachezaji wake, siyo wengi, ila waaminifu. Kwa baba mdogo Placidi alikwenda mwenyewe kumweleza. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama yule kijana anasali, akaambiwa ndiyo. Jumapili iliyofuata alirekebisha maneno yake mbele ya jumuiya, akisema yeye pia alihukumu asichokiona.

Hyasinti siku hizi hupanda Mbinga mara moja moja, kukitengenezea chama cha wakulima wa kahawa mfumo wa kompyuta. Hupita pale steshenari kuchapisha karatasi zake. Wanasalimiana vizuri, wanaulizana habari za nyumbani, Mama Dorothy anatumiwa salamu. Kuna siku alisahau karatasi moja kwenye mashine ya kuchapisha, na Otilia aliona ni mchoro wa vimraba, kama wa gemu: ngazi zinazoshuka majini, na kitu chenye macho mengi chini yake. Aliikunja bila kuitazama zaidi, akamkimbilia nje na kumpa. Hyasinti aliichukua, akaitia kwenye begi, akashukuru. Otilia hakumuuliza ni ya nini, na yeye hakumwambia.