Barua za Mume Wangu kwa Katibu wa Zahanati

Mume wangu alikuwa na ng'ombe wengi na malori mawili, lakini hakujua kusoma. Miaka ile ya ujamaa tajiri aliogopa kuitwa bepari, naye akaamua kujenga zahanati kijijini kwao, upande wa Nyamwaga. Sisi tulikaa Mugumu. Basi yeye alisema, mimi nikaandika, dereva wake akapeleka.

Katibu wa kamati ya ujenzi alikuwa mjane mmoja, mkunga. Mwanzoni barua zilihusu mabati, saruji na mafundi waliotoroka kwenda kulima. Baadaye mume wangu akaanza kuongeza maneno. Mwambie asibebe mawe, mgongo wake bado unauma. Muulize kama mahindi yake yamepata mvua. Mimi nilikuwa nimemzalia watoto sita, na hakuwahi kuniuliza habari za mgongo wangu.

Nikaanza kuyaacha maneno hayo. Aliposema salamu nyingi, niliandika: "Tuma taarifa ya mabati." Kwa siku chache nikalala vizuri.

Jibu likaja. Mjane alitaka kujua amekosa nini hata mzee akakasirika, maana barua zake zimekuwa kavu. Nilimsomea mzee habari za milango, pale pa malalamiko nikaparuka.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, kidole chake kikifuata mistari asiyoijua.

"Soma na hapa," akasema.

Nikamwambia ni salamu tu.

"Salamu mistari minne?"

Nikasoma yote. Hakunigombeza. Akauliza, "Na wewe, unaumwa mahali?"

Nikajibu hapana, kwa hasira, ingawa swali hilo nililingoja miaka yote.

Wiki iliyofuata alijiandikisha kisomo cha watu wazima, akakaa benchi moja na wachunga ng'ombe wake. Siku zahanati ilipofunguliwa nikamwona yule mjane. Alikuwa mnene, mcheshi, mdogo kwangu. Akaniamkia shikamoo, akanishukuru kwa mwandiko wangu mzuri. Nikamchukia zaidi.

Haukupita muda mrefu, mume wangu akaandika barua yake ya kwanza, herufi kubwa zilizopinda. Hakuniomba nimsahihishie. Bahasha aliifunga mwenyewe kwa mate, akampa dereva mbele yangu apeleke Nyamwaga.