Hasira Niliyoiandika Vibaya

Walinichagua niongoze mazungumzo ya watu wa avenue yetu, mtaa wetu huu, kwa sababu moja tu: sitoki nyumbani. Mtu anayeshinda kwenye kiti chake anapata wapi nafasi ya kukosana na watu? Mke wangu alicheka mpaka sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akipika, ikashika sufuria. "Weye utatuliza watu? Hata kuku yetu haikusikiaka."

Nilikuwa na diploma ya sekondari na mafunzo ya siku mbili ya kupatanisha watu. Tulifundishwa hivi: mtu akikasirika, usibishane naye; andika neno lake kwenye karatasi kubwa ukutani, hasira itapoa.

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa, wamama wa avenue upande huu, wamama waliokimbia vita Djugu upande ule. Jambo lenyewe lilikuwa bomba la maji. Wenyeji walitaka kuchota kwanza, wageni baadaye. Na wenyeji wakimaliza, maji huwa yamekatika.

Mama mmoja wa Djugu akasimama na bidoni yake, dumu la maji la njano, tupu.

"Nyumba yangu walichoma. Nilitembea siku tatu na watoto. Leo naamka mapema, naweka bidoni yangu ya kwanza ku bomba, munaisukuma na mguu! Siye hatuna kiu?"

Niliwageuzia mgongo, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.

"Papa," akaniita, "mimi sikusoma. Unisomee ile nilisema."

Nikasoma: "Changamoto ya upatikanaji wa maji."

Mama mmoja wa avenue akapasuka kicheko, wenzake wakamfuata. Nadhani walinicheka mimi. Yule mama wa Djugu alidhani wamemcheka yeye.

"Nyumba yangu iko wapi mule?" akauliza polepole. "Ule mguu iko wapi?"

Nikamjibu neno baya kuliko yote: "Mama, tulia."

Akabeba bidoni yake, akatoka. Wa Djugu wote wakatoka nyuma yake. Waliobaki wakainua mikono: utaratibu ubaki uleule. Nami nikaandika, tena vizuri.

Asubuhi iliyofuata, nikiwa kwenye kiti changu, nilimwona yule mama wa Djugu akishuka mtoni na bidoni. Alipita bombani bila kugeuza kichwa. Nikasimama, nilitaka kumwambia kitu, lakini kilichotoka ni, "Bonjour, mama."

"Andika na iyo bonjour yako, papa," akasema, akaendelea kushuka.