Wenye Fleti Wasio na Kiwanja

Juzi nilikuwa benki moja karibu na mtaa wa Flagey, huku ughaibuni. Mbele yangu waliketi mke na mume wa Lubumbashi, wamevaa kama wanaokwenda harusini, wakiomba mkopo wa kununua fleti. Afisa aliinua macho kutoka kwenye kompyuta, akasema kwa Kifaransa:

"Fleti itakuwa yenu, ila ardhi mtaikodi. Kila mwaka mtalipa kodi ya kiwanja, na mkataba wa ardhi utaisha kabla hamjamaliza mkopo."

"Bon, ukiisha?" mume aliuliza.

"Jengo linakuwa la mwenye ardhi."

"Na mkopo?"

"Huo unabaki wenu. Ndiyo maana hatuwezi kuwapa."

Mke alimgeukia mumewe taratibu, akahamia Kiswahili cha kwao. "Donc ule mwenye kuuzisha alikuwa anatuita wenye nyumba juu ya nini?"

"Njo vile wanaandikaka mu matangazo, maman," mume alijibu, akichukua koti lake.

Mimi nasema benki iliwatendea wema, japo kwa sababu zake yenyewe. Bomba likipasuka, mpangaji wa kawaida humpigia simu mwenye nyumba. Huyu anayeitwa mwenye fleti angelitengeneza kwa pesa zake, kisha siku ya mwisho ya mkataba amkabidhi mwenye ardhi funguo pamoja na bomba jipya.