Ada ya Kuongeza Muda

Simu ikitetemeka kwenye mfuko wa aproni, Kabura alitoka. Kama alikuwa anakunja shuka, aliziacha kitandani. Kama alikuwa anampima msichana joto kwa kiganja, alimwambia, "Ngoja kidogo, mama," akaenda mbio mpaka nyuma ya matangi ya maji na kuitazama namba. Ikiwa ni ya nchi za nje, hakuipokea, lakini pia hakuweza kurudi ndani mara moja. Alizunguka matangi, aking'oa majani yasiyomhusu, akirudi pale pale alipoanzia. Wasichana wa bweni wakaanza kunong'onezana kwamba matroni wao, mjane wa miaka arobaini na sita, amepata mchumba.

Hakuwa na mchumba. Alikuwa na watu wa Kesho Kash.

Kabura alizaliwa Trans-Nzoia, binti wa Mathenge, mmoja wa wale waliotoka Nyeri na kununua shamba huku kupitia kampuni ya kununua ardhi. Alikuwa matroni katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kitale, na nyumba yake ilikuwa Kibomet. Mwanawe mmoja, Kim, alikuwa akifanya kazi Nairobi. Ndugu yake mdogo, Waithaka, ndiye aliyebaki kwenye shamba la baba yao, mpaka mwanzo wa mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba yake ilipochomwa pamoja na nyumba za majirani. Waithaka na mkewe na watoto wakakaa kambini. Waliporudi shambani, walirudi na hema, na mwaka uliofuata hema lilikuwa limeoza pembeni na mvua za masika zilikuwa njiani.

Kabura alikwenda kwenye sakko yake, chama cha akiba na mikopo, kuomba mkopo wa mabati. Wakamwambia angoje, kwa kuwa alikuwa amemdhamini mwalimu aliyeacha kulipa. Alitoka pale amekasirika, akaingia saiba, duka la intaneti lililo karibu na soko, kumwandikia Kim barua pepe, na kando ya ukurasa akaona maandishi ya kumetameta ya Kesho Kash: mshahara wako leo, usingoje mwisho wa mwezi, hakuna foleni, hakuna maswali.

Maswali yalikuwepo. Jina la mwajiri, namba ya simu ya mwalimu mkuu, namba ya ndugu, namba ya mdhamini. Kabura aliyajibu yote. Kwenye nafasi ya mdhamini aliandika jina la Nasambu, rafiki yake wa Kamukuywa, waliyesomea naye ushonaji Bungoma wakiwa wasichana. Hakumwuliza. Alijiambia kwamba ni jina tu, mambo ya kujaza nafasi. Mwishowe aliambiwa aende benki yake akatie sahihi ruhusa ya kukatwa pesa kila mwisho wa mwezi, ziende kwenye akaunti fulani ya Nairobi. Siku tatu hazikupita, elfu ishirini zikaingia. Waithaka akapata mabati, akaambiwa na dada yake kwamba ni mkopo wa sakko, akayapigilia misumari, wanawe wakimshikia ngazi.

Mwisho wa mwezi wa kwanza benki ilikata elfu tano na ushee. Kabura akadhani deni limeanza kupungua. Aliporudi saiba akakuta ameandikiwa kwamba hiyo ilikuwa ada ya kuongeza muda, na kwamba anadaiwa elfu ishirini. Mwezi uliofuata ikakatwa tena, na deni likabaki elfu ishirini. Ikawa hivyo mwezi hadi mwezi. Alipoandika kulalamika, mtu aliyejiita Norbert akampigia simu kutoka nje ya nchi. Barua moja ilisema ofisi yao iko Kampala, nyingine ilisema Johannesburg. Kwa sauti laini kabisa Norbert alimweleza kwamba akijaribu kukwepa, polisi watamtoa shuleni mbele ya wanafunzi, na picha yake itawekwa kwenye mtandao dunia nzima imwone.

Tangu hapo Kabura hakutulia. Alikuwa mtu wa kula polepole. Sasa alikula amesimama. Kanisani aliketi kiti cha mwisho karibu na mlango. Gari la kijani kama la askari likipita langoni mwa shule, alijibanza nyuma ya mlango mpaka lipotee. Alianza kusafisha vitu visafi. Mshahara ulipokaribia, alizidi: alipanga makabati ya bweni, akayapangua, akayapanga tena, na wasichana wakajifunza kumpisha.

Mwezi wa tisa aliomba ruhusa ya siku chache, akaenda Kamukuywa kwa Nasambu ili apumzike masikio. Nasambu alimpokea kwa furaha yake ya kawaida, akamkatia ndizi, akamwuliza habari za Kim. Lakini barazani, mahali ilipokaa cherehani miaka yote, palikuwa na ndoo ya maji.

"Mama Emmy, cherehani iko wapi?"

"Imeenda kutengenezwa," Nasambu akasema, akainuka haraka kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

Walipokuwa wakinywa chai, simu ya Nasambu ikalia. Aliitazama namba, akaweka kikombe chini, akatoka. Kabura alimwona kupitia dirishani: amekwenda mpaka nyuma ya ghala la mahindi, anazunguka, anatazama simu, hapokei, anang'oa jani moja la mgomba na kulichana nyuzi nyuzi. Kabura naye akaweka kikombe chini. Mwendo ule aliujua.

Akatoka akamfuata.

"Ni Norbert?"

Nasambu alishtuka. "Wewe umemjua aje?"

"Ni yeye?"

"Ni yeye." Nasambu akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Cherehani nimeuza, Mama Kim. Huyu mtu alisema ati wanakuja kukushika. Ati mimi ndio nimeandikwa, kwa hivyo nitume pesa ama nikuone kwa gazeti. Nikatuma kwa simu. Nikafikiri imeisha. Sasa anasema ati hiyo ilikuwa ya kuongeza muda."

Kabura aliketi chini kwenye vumbi na sketi yake nzuri.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe?" Nasambu akageuka, na sasa hakuwa na furaha yoyote usoni. "Si ungeniambia? Umeandika jina yangu kama mtu anaandika kwa ukuta ya choo. Mimi nasikia jina yangu kwa mtu sijui ata nchi yake. Halafu unakuja hapa unakula ndizi."

Kabura aliomba msamaha, na Nasambu akasema amesikia, ambako si sawa na kusema amesamehe. Kisha wakakaa pale, wawili hao, kila mmoja na simu yake mkononi. Ndipo hasira ilipomshika Kabura. Miezi yote hiyo alikuwa na woga tu, na woga ulimfanya azunguke. Lakini kuwazia cherehani ile ikibebwa begani na mtu mwingine kulimfanya asimame.

"Kesho tunaenda Bungoma," akasema. "Yule wakili wa kanisa lenu bado yuko?"

Wakili huyo, Mukhisa, alikuwa na ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la mbegu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kikohozi. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza, kisha akaomba simu ya Nasambu, akaipiga ile namba, akaiweka kwa sauti ya juu mezani.

Norbert alipokea kwa ule ulaini wake. Mukhisa akajitambulisha, akamwuliza kampuni yake inakopesha watu Kenya kwa leseni ya nani.

"Leseni yetu ni ya kimataifa," Norbert akasema.

"Imetolewa na nchi gani?"

"Ni ya kimataifa, bwana wakili."

"Nchi hiyo ya Kimataifa sijawahi kuisikia. Mji wake mkuu ni upi?"

Simu ikakatika. Nasambu alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Kabura hakucheka, mguu wake ulikuwa ukipiga sakafu chini ya meza.

"Nilitia sahihi," akasema.

"Ulitia sahihi kuiruhusu benki," Mukhisa akamjibu. "Ruhusa ni yako, umeitoa, unaweza kuiondoa. Nisikudanganye, mama: zile elfu ishirini walikupa kweli, zilikuwa deni. Lakini umezirudisha, tena na nyingine juu. Hiyo ada unayokatwa hailipi deni. Unanunua mwezi mmoja, basi. Ungekatwa hivyo mpaka ustaafu, na elfu ishirini ziko pale pale."

"Na wakinishtaki?"

"Waje. Hakimu atawauliza nililowauliza mimi. Na polisi hawamtoi mtu shuleni kwa deni la namna hii." Akakohoa kidogo. "Nenda benki kabla mshahara haujaingia. Waandikie kwamba umelipa na kwamba umewakataza kukata tena. Halafu ujitayarishe, maana watapiga kelele, na wataanza kwa mkubwa wako. Ni afadhali asikie kutoka kwako."

Benki ya Kitale haikumsumbua. Karani alimpa karatasi, akatia sahihi, akagongewa muhuri. Kutoka pale aliingia saiba, akawaandikia watu wa Kesho Kash maneno yale yale ya Mukhisa, bila salamu. Ilikuwa rahisi mno, akaudhika. Alitoka nje akasimama kwenye jua akingoja kitu kitokee.

Kwa mwalimu mkuu ndiko hakukuwa rahisi. Madam Cheptoo alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mlango wa ofisi yake ulitazamana na bustani ya maua. Kabura alifika kwenye maua akarudi. Akaenda jikoni, akaonja mboga isiyohitaji kuonjwa. Akaja tena, akarudi tena. Mara ya tatu Madam Cheptoo mwenyewe alifungua mlango.

"Matroni, ingia basi. Utaniulia maua."

Kabura alisema yote akiwa amesimama. Alipomaliza, Madam Cheptoo alivua miwani.

"Mmoja wao alinipigia mwezi wa sita," akasema. "Akasema wewe ni mwizi. Nikamwuliza umeiba nini, akasema pesa. Nilimkatia simu. Lakini kesho yake, mlipokuwa kanisani, niliingia stoo nikahesabu blanketi."

Kabura alishika mgongo wa kiti.

"Zilikuwa zote," Madam akaendelea. "Hata hivyo nikachukua ufunguo wa stoo."

"Ulisema kufuli inabadilishwa."

"Nilisema hivyo."

Ndege walikuwa wakigombana juu ya paa. Kabura alikumbuka jinsi alivyoomba ufunguo ule mara kwa mara, na jinsi alivyojibiwa kwa upole, na sasa upole ule ulimwuma kuliko tusi. Alitaka kukasirika akashindwa, maana angekuwa yeye mwalimu mkuu, angehesabu blanketi vilevile.

"Ungekuja mwezi wa sita," Madam Cheptoo akasema hatimaye. "Rudi kazini." Ufunguo hakuurudisha siku ile. Aliurudisha muhula uliofuata, akauweka juu ya meza ya bweni bila neno.

Mwisho wa mwezi ulipofika na pesa zisitoke, kelele zikaja kama Mukhisa alivyosema. Walimpigia kiongozi wa kwaya. Walimpigia Kim kazini. Madam Cheptoo walimpigia mara mbili kwa siku moja, na mara ya pili akawaambia wamtumie nakala ya leseni, hawakutuma. Kabura alilala vibaya, akaamka vibaya, akapungua mwili. Kila alipotaka kwenda benki kurudisha ruhusa ile ili kelele ziishe tu, alimpigia Nasambu, na Nasambu akamwambia maneno makali ya Kibukusu ambayo Kabura hakuyaelewa yote, lakini yalimtosha.

Waithaka naye walimpigia. Jioni moja alifika Kibomet kwa baiskeli, jasho likimtoka.

"Ulisema ni sakko."

"Ningesema ukweli ungekubali?"

"Singekubali. Ningekaa kwa hema."

"Ndiyo maana."

Waithaka alipanda baiskeli yake akaenda zake bila kuaga. Wiki iliyofuata, akiwa amesikia habari za Nasambu, akarudi na gunia la maharagwe nyuma ya baiskeli. "Hii si yako," akasema. "Peleka kwa yule mama wa cherehani." Baada ya hapo akaleta jingine.

Simu zilianza kuwa chache, kisha zikawa za kubahatisha. Mwezi wa kumi na mbili sauti ngeni kabisa, ya msichana mchangamfu, ilimpigia Kabura ikampongeza kwa kuwa mteja mwema, ikamwambia anastahili mkopo mpya, mkubwa zaidi. Kabura alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Kwa hili hakuwa amejitayarisha. Alimwuliza yule msichana kama analipwa vizuri. Msichana akasema halipwi kila mwezi. "Basi usikope hapo," Kabura akamwambia.

Cherehani ya zamani haikupatikana. Mfanyabiashara wa Kimilili aliyeinunua alikuwa ameshaiuza mbele, na aliyeinunua kwake hakutaka hata kuzungumza. Kwa pesa za maharagwe na nusu ya mshahara wa Januari wakanunua nyingine, kuukuu, yenye gurudumu lililopinda kidogo. Siku ya soko waliiweka barazani, Nasambu akatia uzi, akajaribu kwenye mkono wa blauzi.

"Inaruka mshono," akasema.

"Inaruka kidogo tu."

"Inaruka sana. Ile yangu haikuwa inaruka." Akakanyaga tena, uso umekunjamana, akisikiliza mlio wake. "Siku ingine ukitaka kuandika jina yangu mahali, uniite kwanza."

"Nitakuita."

"Na mimi nitakataa," Nasambu akasema, akamsukumia kiti. "Kaa hapa unishikie hiki kitambaa. Kinateleza."