Shangazi, Mlinzi wa Ufa wa Barafu

Shangazi yangu analipwa kuangalia ufa. Si wa ukuta, wa barafu. Miaka kumi na tisa yuko ofisi ya vipimo, chumba chenye feni inayokohoa, anachora kwenye kompyuta ufa wa barafu iliyoko kusini kabisa mwa dunia. Kuiona ana kwa ana, wapi! Hata sweta hana. Nyumbani tunamwita Friji.

Mwaka jana baba, kaka yake, alipata kiwanja hatua arobaini kutoka baharini. Shangazi akaja mbio kumzuia ajenge. Kosa lake, akaja na glasi.

Akaijaza maji mpaka mdomoni, kipande cha barafu kikielea. "Kaka, barafu yangu inaelea hivi hivi. Sasa tazama ikiyeyuka."

Ikayeyuka. Halikumwagika hata tone.

Baba akapiga makofi. "Friji, umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe!"

"Ngoja nimalize basi! Hii inayoelea haijazi bahari. Lakini imekwama kwenye visiwa, inaizuia ile ya nchi kavu iliyo nyuma yake, kama jiwe chini ya tairi la lori mlimani. Jiwe likitoka, ya nyuma inateremka baharini. Hiyo ndiyo inajaza."

"Lori limetoka wapi tena? Si tulikuwa kwenye glasi?"

Tulicheka, mimi wa kwanza, na video nikairusha kwenye grupu la ukoo. Kesho yake fundi akamwaga msingi.

Mwezi wa sita ile barafu ikakatika, pande kubwa kama wilaya nzima. Baba akashuka ufukweni, akajipiga picha, maji yako palepale. Akaandika: "Friji, bahari inakusalimia."

Shangazi alikuwa anapima. Barafu ya nchi kavu ilikuwa inateleza mita mbili kwa siku; sasa tano. Aliniambia mimi tu, tukiosha vyombo.

"Sasa tunafanyaje, shangazi?"

"Nimeandika ripoti."

"Imesomwa?"

"Imepigwa muhuri."

Nikasuuza sahani iliyofuata.

Nyumba imeisha. Baba hana kinyongo, kamtengea chumba. "Mdogo wangu, chagua. Cha mbele unaona bahari, cha nyuma unaona choo cha jirani."

"Cha nyuma."

"We naye! Tofauti si hatua sita tu?"

"Najua, kaka."

Akafungua kabati, akaanza kupanga nguo zake. Rafu za juu kwanza.